Mke wa mfalme wa Korea alikuwa na kwao

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nizungumzie neno moja ambalo naona linatumiwa vibaya katika kurasa zenu za burudani. Kila gazeti hili linaposimulia tamthilia za Kikorea za makasri ya kale, ambazo siku hizi hazikosekani katika runinga zetu, mwanamke yeyote aliye karibu na mfalme lakini hana cheo cha malkia huitwa suria. Mmoja ni malkia, waliobaki wote ni masuria, na habari huishia hapo. Nilifundisha historia na Kiswahili katika shule za upili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa maoni yangu neno hilo linawafanya wasomaji wenu wasielewe ugomvi wenyewe ambao tamthilia hizo zinausimulia.

Kilichonisukuma kushika kalamu, hata hivyo, si gazeti peke yake. Jumamosi iliyopita nilikuwa Kenyatta Market nikisukwa. Anayepafahamu mahali pale anajua kwamba ukishaketi kichwa si chako tena: wasusi wawili, pengine watatu, hukigawana kama shamba la urithi, na wewe huwezi kugeuka hadi jioni. Juu ya rafu ya mafuta na nywele za bandia palikuwa na televisheni ndogo, na ndani yake binti mmoja wa kasri, nywele zake zimesokotwa na kuviringwa kichwani kama kata ya kubebea mtungi, alikuwa amepiga magoti mbele ya mwanamke aliyemzidi umri, kikombe kikimtetemeka mikononi. Msusi wa kulia akasema, "Huyo ni suria. Ngojeni, atamwekea malkia sumu." Wa kushoto, ambaye kwao ni Busia, akakataa katakata: "Suria gani? Huyo ni bi mdogo. Ameolewa, kwao kunajulikana, na nyumba yake anayo." Wakabishana mpaka vidole vikasimama, kisha yule wa kulia akanigusa bega: "Mwalimu, si wewe ndiye wa historia? Tuamulie." Nilijibu kwa maneno machache kwa sababu shingo ilikuwa inauma. Jibu lenyewe kwa urefu wake ni hili.

Suria, katika Kiswahili tulichorithi, hajawahi kuwa mke mdogo. Ni mwanamke mtumwa, aliyenunuliwa au kutekwa, ambaye bwana wake amemweka kinyumba kwa haki ya umiliki, bila posa, bila mahari na bila walii. Mtoto wake, baba akimkiri, huzaliwa huru na hurithi pamoja na ndugu zake wa nyumba kubwa. Ndiyo maana Sayyid Said wa Unguja, aliyefariki mwaka 1856, hakupata mtoto kwa mkewe mkuu Azza binti Seif, na bado hakukosa warithi: Majid, Barghash, Khalifa na Ali, waliotawala mmoja baada ya mwingine, wote mama zao walikuwa masuria. Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, naye mama yake aliletwa kutoka nchi za Kaukasi akiwa mtumwa. Mimi nimelelewa Kibokoni, Mombasa, na nakumbuka wazee wakishusha sauti walipotaka kusema kwamba nyumba fulani ina damu ya suria. Hawakuwa na maana kwamba bibi wa nyumba hiyo alikuwa mke wa pili, kwa sababu wake wa pili walijaa mtaa mzima na hakuna aliyewashushia sauti. Walikuwa na maana kwamba hakuwa na kwao: hapakuwa na mjomba wa kuja kuuliza kulikoni, wala nyumba ya kurudi siku ya ugomvi.

Sasa tumchukue mke wa mfalme wa Korea ya enzi za kati, tumwulizie kwao.

Ufalme wa Goryeo, ambao ndio uliozaa jina la Korea, ulianzishwa mwaka 918 na jemadari Wang Geon, na mji wake mkuu ukawa Kaesong. Wang Geon hakukuta nchi iliyotulia. Kila bonde lilikuwa na bwana wake mwenye ngome, ghala na askari, na mabwana hao hawangeweza kupigwa vita mmoja mmoja hadi waishe. Alichofanya ni kuposa. Kumbukumbu za ufalme zinamhesabia wake 29, na ukiwapanga kwa mahali walikotoka utakuwa umechora karibu ramani nzima ya nchi: huyu ni wa matajiri wa pwani, huyu wa mabwana wa Chungju, huyu wa Hwangju kaskazini. Hakuna aliyechukuliwa kwa kuwa hana watu. Walichukuliwa kwa sababu ya watu wao, na kila mmoja alipoingia kasrini aliingia na ukoo mzima nyuma yake.

Mke wake wa kwanza alikuwa binti wa tajiri wa ukoo wa Yu huko Jeongju. Inasimuliwa kwamba Wang Geon, akiwa bado jemadari wa mfalme mwingine, alipita huko na jeshi, akampumzisha farasi wake chini ya mti, akamwona binti amesimama kando ya maji. Baba wa binti akalilisha jeshi zima, na usiku ule binti akapewa mgeni. Kisha mgeni akaondoka na habari zake zikapotea. Binti akanyoa nywele na kuwa mtawa wa Kibudha ili asije akaozwa kwa mwingine, mpaka Wang Geon aliposikia na kutuma watu wamlete. Mwaka 918 majemadari walipomjia mumewe usiku kumshawishi ampindue mfalme wao Gung Ye, mama huyo alitumwa bustanini kuchuma matikiti ili asisikie mazungumzo ya wanaume. Hakwenda mbali. Alirudi akasimama nyuma ya pazia, akamsikia mumewe akisita, kisha akatokea mwenyewe na deraya na kumvika. Nakiri kwamba waandishi wa tarikh walipenda kuipamba hadithi ya mwanzilishi, lakini hata pambo lina maana: wenyewe waliona inafaa kusimulia kwamba ufalme wao ulianza kwa mkono wa mke, tena mke ambaye kwao ndiko kulikolilisha jeshi.

Kwamba uzito wa mke ulikuwa kwao, si usoni mwake, ulionekana mara tu Wang Geon alipofariki mwaka 943. Aliyerithi alikuwa Hyejong, mwana wa mke wa pili, aliyetoka Naju, na kwa huyu kulikuwa kudogo. Hyejong alitawala kwa hofu, akafa mwaka 945, na kiti kikaenda kwa ndugu zake wawili, mmoja baada ya mwingine, ambao mama yao alitoka katika nyumba kubwa ya Chungju. Mmoja wao, Gwangjong, alimwoa dada yake wa baba mmoja, jambo ambalo halikuwa ajabu katika nyumba hiyo ingawa tamthilia hulipitia kwa haraka. Angalia dada huyo anavyoandikwa. Haandikwi kwa jina la baba yake mfalme. Anaandikwa binti wa ukoo wa Hwangbo wa Hwangju, ukoo wa mama yake. Mabinti wa mfalme walioolewa ndani ya nyumba yao walichukua jina la upande wa kike, na hivyo hata aliyezaliwa kasrini alitafutiwa kwao kwingine.

Hayo hayakuwa ya wafalme tu. Katika jamii ya Goryeo binti alirithi pamoja na ndugu zake wa kiume, mjane aliweza kuolewa tena, na mara nyingi mume ndiye aliyehamia kwa wakwe na kulea watoto huko, karibu kama wazee wa Lamu walivyokuwa wakiwajengea mabinti zao nyumba na kuwasubiri wakwe waje. Ndiyo sababu tunakutana na mwanamke kama Cheonchu, mjukuu wa Wang Geon na mjane wa mfalme Gyeongjong, anayejulikana kwa jina la jumba alilokaa. Mwanawe Mokjong alipotawazwa mwaka 997, mama ndiye aliyeshika nchi kwa miaka 12, akiwa na mpenzi wake hadharani, mpaka jemadari Gang Jo alipowapindua mwaka 1009. Mfalme aliuawa. Mama yake aliishi hadi mwaka 1029.

Lakini mtu mwenye kwao ana hatari ambayo suria hana, na sijui mfano unaoionyesha kwa ukaribu kuliko wa mke mmoja wa mfalme Injong. Huyu alikuwa binti wa mkuu aliyeitwa Yi Ja-gyeom. Yi Ja-gyeom alikuwa amekwisha kumwoza binti yake mwingine kwa mfalme aliyetangulia, na mtoto wa ndoa hiyo ndiye Injong, aliyetawazwa akiwa mvulana mwaka 1122. Babu, kwa kuogopa kwamba ukoo mwingine ungeleta mchumba na kumpunguzia nguvu, akamwoza mjukuu wake mabinti wengine wawili. Kwa Kiswahili tungesema kwamba mfalme alioa mama zake wadogo wawili. Mwaka 1126 mambo yaliharibika: watu wa mfalme walijaribu kumwondoa babu, babu akajibu kwa silaha, kasri likateketea, na mfalme akawa kama mfungwa wa mkwewe.

Hapo ndipo Yi Ja-gyeom alipoamua kummaliza. Kwanza zilipelekwa keki zenye sumu, na binti akamnong'oneza mumewe. Wakamtupia kunguru kipande, kunguru akafa. Kisha ikaletwa sumu nyingine, na safari hii binti mwenyewe ndiye aliyeagizwa na baba yake aipeleke kwa mfalme. Alilipokea bakuli, akatembea nalo kuelekea kwa mumewe, na njiani akajifanya amejikwaa, akaanguka, na vyote vikamwagika. Nimelifikiria sana anguko hilo. Hakukataa, kwa maana kumkataa baba mbele ya watumishi kungempa baba nafasi ya kutuma mtu mwingine. Wala hakupiga kelele, kwa maana nyumba nzima ilikuwa ya baba. Alichokuwa nacho ni miguu yake na sakafu. Mwaka huohuo Yi Ja-gyeom aliangushwa na kupelekwa uhamishoni, alikofia, na mabinti wote wawili wakaondolewa katika ndoa, kwa kosa la baba na kwa udugu wao na mfalme. Yule wa bakuli alipewa nyumba, mashamba na watumishi, na mfalme aliendelea kumheshimu. Mtu akisoma kisa hiki huku ameambiwa kwamba mama huyu ni suria, atadhani habari yenyewe ni mapenzi na wivu, ilhali habari yenyewe ni binti aliyewekwa katikati ya baba na mume, akashika upande mmoja, na bado akahukumiwa kwa upande mwingine.

Kama mtu anataka kweli kumpata suria katika historia hii, amtafute katika karne ya 13 na ya 14, Wamongolia walipokuwa wameitia Goryeo mkononi. Mwaka 1274 mfalme mtarajiwa Chungnyeol alimwoa binti wa Kublai Khan, na mke wake wa miaka mingi, bibi Jeonghwa, akasukumwa kwenye jumba la kando, akakaa huko hadi binti wa Khan alipofariki mwaka 1297. Hata mpangilio wa viti katika karamu ya uzazi wa mtoto ulizusha ugomvi, kwa sababu binti wa Khan aliona amewekwa sawa na mwenzake. Wote wawili walikuwa wake halali. Tofauti yao ilikuwa kwao tu, kwa mmoja Kaesong na kwa mwenzake himaya iliyokuwa imemeza nusu ya dunia.

Wakati huohuo Wamongolia walidai wasichana wa Kikorea kama kodi, na wazazi wengi wakaanza kuwaoza mabinti wakiwa wadogo mno ili wasichukuliwe. Msichana wa namna hiyo, aliyetolewa kwao na kufikishwa kwenye kasri la watu wa mbali bila posa wala mahari, ndiye ambaye Kibokoni wangemwita suria bila kukosea sana. Mmoja wao alitoka ukoo wa Gi. Alianza kwa kumpelekea chai mfalme mkuu wa Wamongolia, Toghon Temür, akazaa mwana, na mwaka 1340 akafanywa mke wa pili mwenye cheo kamili. Mara tu alipopanda, kwao kulikokuwa kumesahauliwa kulipanda naye: kaka yake Gi Cheol akajifanya bwana mkubwa mjini Kaesong kwa nguvu za dada, mpaka mfalme Gongmin alipomuua mwaka 1356. Gongmin mwenyewe alikuwa ameoa binti wa kifalme wa Kimongolia, aliyefariki katika uzazi mwaka 1365, na makaburi yao yako ubavu kwa ubavu karibu na Kaesong hadi leo. Hiyo ni habari nyingine na nafasi haitoshi.

Mwaka 1392 Goryeo ilianguka na nyumba ya Joseon ikashika nchi, ikiwa na wasomi waliotaka kila kitu kipangwe kwa mafundisho ya Confucius. Mpaka hapo haikuwa ajabu mkubwa kuwa na mke wa mashambani na mke wa mjini, wote wawili wake. Mwaka 1413 sheria ikakataza: mwanamume ana mke mmoja tu, na yeyote anayemfuata yuko chini, naye na watoto wake. Sheria hiyo ndiyo iliyoleta ule mpaka mkali ambao tamthilia nyingi hujengwa juu yake, na waandishi wenu wanapoupeleka nyuma hadi kwa Wang Geon wanawashusha cheo wanawake ambao katika uhai wao hawakuwa chini ya mtu.

Aliyeonja mpaka huo akiwa kaburini ni malkia Sindeok. Alikuwa mke wa mjini wa mwanzilishi wa Joseon, na kwa kuwa mke wa kwanza alikuwa amefariki kabla nyumba hiyo haijashika kiti, Sindeok ndiye aliyekuwa malkia wa kwanza aliyekalia cheo hicho akiwa hai. Alifariki mwaka 1396. Miaka miwili baadaye mwana wa kambo, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Taejong, aliwaua wana wawili wa Sindeok. Alipokuwa mfalme hakuishia hapo: alimwondolea marehemu cheo cha umalkia na kumhesabu miongoni mwa wake wa chini, akalihamisha kaburi lake nje ya mji mwaka 1409, na mwaka 1410 mawe ya kaburi la kwanza yakatumika kujenga daraja la Gwangtonggyo juu ya kijito katikati ya Seoul. Mawe hayo yapo mpaka leo. Yamechongwa mawingu na sura za watakatifu kwa ustadi wa hali ya juu, na baadhi yamewekwa kichwa chini, miguu juu. Cheo chake kilirudishwa mwaka 1669. Kwa hiyo, Mhariri, kumwita malkia mke wa chini si kosa dogo la uandishi. Palikuwa na mfalme aliyelitumia neno hilo kama adhabu, na akaiandika adhabu hiyo kwa mawe.

Waliokuwa wake wa chini kwa kweli nao hawakuwa kundi moja. Sheria kuu ya Joseon, iliyokamilika mwaka 1485, inawapa vyeo vinane, kuanzia bin, aliye chini ya malkia peke yake, hadi sugwon wa daraja la nne. Kuanzia daraja la tano kwenda chini wanaanza wajakazi wa kasri, nao pia wenye ngazi zao, wengi wao wakiwa wameingia wangali watoto na hawakuruhusiwa kuolewa. Mjakazi akipendwa na mfalme angeweza kupandishwa akawa miongoni mwa wale wa juu, na binti wa msomi angeweza kuletwa moja kwa moja kwenye cheo cha juu kwa kuchaguliwa. Malkia alikuwa juu ya ngazi yote, na jumba lake, Gyotaejeon, lilijengwa mwaka 1440 ndani kabisa ya kasri la Gyeongbokgung. Kila wake wa kifalme walipotafutwa, amri ilitolewa nchi nzima kwamba wasichana wa umri fulani wasiolewe kwanza, na familia zilitakiwa kupeleka majina. Tamthilia hutuonyesha mabinti wakigombania nafasi hiyo. Wazazi wengi waliwaficha mabinti zao.

Kwa nini wazifiche nyumba zao kutoka kwenye heshima kubwa namna hiyo? Waliyajua yaliyompata malkia Soheon. Mumewe ni Sejong, huyohuyo aliyewapa Wakorea alfabeti yao, na alipotawazwa mwaka 1418 baba yake, bavyaa wa Soheon, Taejong yuleyule wa mawe, alikuwa bado hai na bado ameshika jeshi. Taejong aliwaogopa wakwe. Alikuwa amekwisha kuwamaliza kaka wanne wa mke wake mwenyewe, wawili mwaka 1410 na wawili mwaka 1416. Sasa akamgeukia baba wa Soheon, Sim On, ambaye alikuwa ametumwa ubalozini Uchina, akamkamata aliporudi tu na kumlazimisha kufa. Mama wa malkia akaandikwa mtumwa wa serikali. Wakuu wa baraza wakashauri malkia naye aondolewe, Taejong akakataa kwa kuwa alikuwa amekwisha kuzaa wana wa mfalme. Akabaki malkia. Alizaa watoto 10 kwa jumla, wana wanane na mabinti wawili, na akafariki mwaka 1446. Mama yake alifutwa katika daftari la watumwa mwaka 1426, na katika mwaka huohuo Sejong alitoa amri kwamba wanawake watumwa wa serikali wapewe mapumziko ya siku 100 baada ya kujifungua. Sina ushahidi kwamba mambo hayo mawili yaliunganika kichwani mwa mfalme. Nayaweka pamoja kwa sababu yaliandikwa mwaka mmoja, na kwa sababu mwanamke aliyelala katika nyumba ile aliyajua yote mawili.

Kuna mmoja aliyepitia kila ngazi kwa zamu. Bibi Yun aliletwa kasrini mwaka 1473 akiwa mke wa cheo cha chini wa mfalme Seongjong. Mwaka 1476 akapandishwa kuwa malkia, na mwaka huohuo akamzaa mwana. Mwaka 1479 akavuliwa cheo na kurudishwa kwao, na mwaka 1482 akapelekewa sumu ainywe. Aliyeusimamia utaratibu huo nyuma ya pazia alikuwa mavyaa wake, mama wa mfalme, mwanamke msomi ambaye mwaka 1475 alikuwa ameandika kitabu kizima cha mwenendo mwema wa wanawake. Mwana wa Yun, Yeonsangun, akaja kutawala, na mwaka 1504 aliwaua kwa mkono wake mwenyewe wake wadogo wawili wa marehemu baba yake kwa kuwaona ndio waliomsingizia mama yake, kisha akawafyeka wakuu chungu nzima. Ungemwita bibi Yun nani katika ukurasa mmoja wa gazeti? Mke mdogo, malkia, mtalaka au marehemu mwenye kisasi, kila jina lina mwaka wake.

Ombi langu basi ni dogo. Neno malkia litumike kwa mke mkuu, na kwa wakati wa Goryeo lisiogopwe kutumika kwa zaidi ya mmoja. Wale wa vyeo vinane waitwe wake wadogo wa mfalme, au bi mdogo pale simulizi inapotaka kasi, kama alivyosema yule dada wa Busia. Wa chini yao ni wajakazi wa kasri. Neno suria lihifadhiwe kwa ajili ya wale wasichana wa kodi ya Wamongolia, na kwa historia yetu wenyewe ya pwani, ambako linabeba mzigo wake kamili. Na mtengenezaji tamthilia anapomvika mwanamke wa karne ya 10 lile rundo la nywele za kusokotwa, si vibaya mwandishi wenu akitaja kwamba lilikuja kuwa balaa karne nyingi baadaye, hata mfalme Yeongjo akalipiga marufuku mwaka 1756. Wasusi wangu walifurahi sana kusikia hivyo, ingawa mmoja alitaka kujua kama marufuku hiyo iliwahusu pia wenye vibanda.

Nitarudi Kenyatta Market baada ya wiki sita, nywele zikianza kufumuka. Mkiichapisha barua hii nitakwenda na nakala mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto.

Mwalimu mstaafu,
South B, Nairobi